Chembe Yenye Kiu

Kila mtu ana somo alilofundishwa kwa mikono kabla ya kufundishwa kwa kitabu. Langu lilikuwa somo la kufagia. Nilizaliwa Wamagana, katika Tetu ya Nyeri, mahali ambapo ardhi hupanda kuelekea milima ya Nyandarua. Pande za juu watu hulima majani ya chai, na pande za chini hulima kahawa. Jikoni mwa mama yangu sakafu ilikuwa ya udongo, na kila alfajiri mama alinipa ufagio na kibuyu cha maji. Sikuruhusiwa kugusa ufagio kabla ya kunyunyiza maji. Mama alisema kuwa maji hulilaza vumbi, na vumbi lililolala halimwingii mtu puani wala halitui katika chakula. Niliamini hivyo, na katika jikoni ile ilikuwa kweli.

Somo la pili nilipewa na nyanya yangu katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, tulikokwenda wakati wa likizo. Huko niliona kahawa ikimenywa ganda jekundu, ikilazwa mabirikani mpaka utelezi wake uvunde, ikaoshwa kwa maji mengi, kisha ikaanikwa juu ya vitanda virefu vya wavu. Tangu ilipoanikwa, maji yaliyokuwa rafiki yake yaligeuka kuwa adui. Wingu likitokea Nyandarua, sisi watoto tulipiga mbio kuifunika. Kahawa hukaushwa mpaka ndani yake yabaki maji kama sehemu 11 katika kila 100. Ikilowa tena huota ukungu, na kazi ya mwaka mzima hupungua thamani kwa saa moja. Nyanya alizoea kusema kuwa kahawa huoshwa mara moja tu.

Nakusimulia haya mapema, msomaji, kwa sababu nilikwenda mjini na masomo hayo mawili. Moja nililitumia mahali pasipolifaa, na jingine nililisahau mahali lilipohitajiwa. Matokeo yake mtu mwema alivunjika mkono.

Mwaka 2011 nilipata kibarua katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Nairobi, kilichotengeneza nepi za watoto. Kazi yangu ilikuwa kulisha mashine. Upande mmoja ziliingia nyuzi laini za mti uliosagwa, mfano wa pamba. Upande wa pili niliimimina mifuko ya chembe nyeupe zilizofanana na sukari. Mashine ilizichanganya, ikazifunika kwa vitambaa, na nepi ikatoka. Chembe zile zilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, zikashushwa Mombasa, zikaletwa kwetu katika mifuko iliyofungwa kwa uangalifu kuliko unga wa ngano. Nilionyeshwa vifungo vya mashine vyote, cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Tabia ya mali niliyokuwa nikiimimina sikuonyeshwa, wala mimi mwenyewe sikuuliza.

Basi nikueleze sasa nilichopaswa kujua siku ile ya kwanza. Chembe zile ni resini, yaani utomvu. Lakini si utomvu wa mti, bali uliotengenezwa na wanakemia. Gramu moja yaweza kunywa mamia ya gramu za maji safi. Maji yenye chumvi, kama yatokayo mwilini, hunywa machache zaidi, gramu 30 hadi 50 hivi. Sifongo pia hunywa maji, lakini ukiikamua huyatoa. Chembe hii ikiyanywa huyashika, hata ukiibana kwa vidole.

Siri ya nguvu hiyo naweza kuieleza kwa kiondo. Nyuzi za kiondo ni ndefu, lakini nyuzi tupu haziwezi kubeba hata maharagwe kumi. Kinachozifanya ziwe chombo ni kule kufungamana kwake. Ndani ya chembe mna minyororo mirefu isiyoonekana kwa jicho, imefungwa hapa na pale kwa vifundo, nayo imebeba sodiamu kila mahali. Maji yanapoingia, sodiamu huachana na mnyororo na kuyavuta maji mengine zaidi. Na zile sehemu za mnyororo zilizoachwa husukumana, kila moja ikiikimbia mwenziwe. Chembe huvimba. Isingekuwa na vifundo, minyororo ingetawanyika kama sukari katika chai. Kwa kuwa ina vifundo, hutanuka bila kuyeyuka. Vifundo vikiwa vichache, hunywa mengi lakini hulegea kama kiondo kilichofumwa kwa uvivu. Vikiwa vingi, hukaza lakini hunywa kidogo. Ufundi wote ni kupata kiasi.

Katika viwanda vinavyozitengeneza, kazi huanza na asidi ya akriliki, kioevu chenye harufu kali kinachounguza ngozi. Huchanganywa na soda kali ili ukali wake upungue, kisha hutiwa dawa ya kuunganisha minyororo na kiasi kidogo cha dawa ya vifundo, yote hayo ndani ya maji. Hutokea kitu kama mpira laini uliolowa. Mpira huo hukatwakatwa, hukaushwa kwa hewa ya moto, husagwa vinuni, na kuchekechwa ili zichaguliwe chembe za kadiri, aghalabu toka milimita 0.15 hadi 0.85. Mwisho, ngozi ya nje ya kila chembe huongezewa vifundo kwa dawa na joto, kama kiondo kinavyotiwa ukingo wa ngozi ili mdomo wake usilegee. Bila hivyo, chembe za juu zingegandamana mtoto anapoikalia nepi, zikaziba njia, na za chini zikabaki kavu huku mtoto amelowa.

Fikiri juu ya safari hiyo, msomaji. Chembe hutengenezwa katika maji, hukaushwa kwa moto, na tangu hapo mpaka siku ya kutumika kazi yote ya wanaoishika ni kuilinda isikutane na maji tena. Nyanya yangu angalifahamu jambo hilo kwa sentensi moja. Mimi, niliyekua nikifunika kahawa isinyeshewe, sikulifahamu.

Ilikuwa usiku wa Aprili, wakati wa mvua za masika, na mvua ilipiga mabati ya kiwanda mpaka hatukusikizana. Karibu na alfajiri nilipokuwa nikifungua mfuko, kamba ilikatika, na chembe zikamwagika sakafuni mbele ya mashine, kiasi cha debe moja. Wenzangu wa zamu walikuwa wamekwenda kunywa chai. Nilichukua ufagio nikaanza kufagia, na vumbi jeupe likanyanyuka likaning'ang'ania kooni na machoni. Hapo mkono wangu ulikumbuka jikoni mwa mama. Nikachota maji ndoo nzima, nikanyunyiza.

Vumbi lililala. Nilijipongeza moyoni kwa muda mfupi sana. Nilipoufuata ufagio kwa macho, niliona chembe hazifagiki tena: zilikuwa zikivimba, zikishikana, zikigeuka rojo angavu kama kioo. Nikadhani maji hayakutosha, nikaongeza. Kadiri nilivyoongeza, ndivyo rojo lilivyoongezeka. Nilizoa nililoweza kwa koleo nikalitia pipani, na lililobaki likatandazwa na ufagio juu ya saruji, jembamba, lisiloonekana katika mwanga hafifu wa taa. Nikaona pamekuwa safi, nikaenda kuweka ndoo mahali pake.

Zamu ya asubuhi ilianza kuingia. Wa kwanza alikuwa fundi mmoja mtu mzima, ambaye sote tulimwita Mzee, si kwa umri wake tu bali kwa upole wake. Alikuwa amebeba kisanduku cha vyombo vyake. Nilisikia kishindo, kisha mlio wa vyuma vikitawanyika. Nilipofika alikuwa ameketi sakafuni, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na kifundo cha mkono kimepinda vile mfupa wa mtu usivyopaswa kupinda. Hakulia. Alipapasa sakafu kwa ule mkono mzima, akasugua vidole, akajua mara moja.

"Leteni chumvi," alisema. "Chumvi ya jikoni, nyingi. Kisha ndipo mnitazame mimi."

Tulidhani maumivu yamemchanganya akili. Hata hivyo kijana mmoja alikimbia kibandani kwa mama mpishi akaleta chumvi, tukainyunyiza. Msomaji, nilishuhudia kwa macho yangu lile rojo likinywea, likaachilia maji yaliyokuwa yameshikwa, na utelezi ukapungua mpaka tukaweza kupakwangua na kupakausha. Baadaye nilielewa sababu. Chumvi ikizidi nje ya chembe, mvuto wa sodiamu ya ndani hupungua nguvu, nayo minyororo hurudi kujikunja. Ni sababu ile ile inayoifanya chembe inywe maji safi mengi kuliko maji ya chumvi. Mzee alipelekwa hospitali, mkono wake ukafungwa plasta, na wiki nyingi zikapita asishike bisibisi.

Saa tatu msimamizi alituita. Aliuliza maji yametoka wapi. Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu mmoja aliinua macho akayatazama mabati, akasema kuwa usiku kucha mvua ilikuwa kubwa na bila shaka paa linavuja. Wengine wakaitikia. Msimamizi naye akaliandika hilo katika daftari lake.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa rahisi kunyamaza. Sikutakiwa kusema uongo. Uongo ulikuwa umekwisha kusemwa na mtu mwingine, tena kwa nia njema. Nilitakiwa kutazama chini tu. Mshahara wangu ulikuwa ukilipa karo ya mdogo wangu, na vibarua mlangoni walikuwa wengi kila asubuhi. Nilitazama chini kweli, na pale chini nikaona chembe tano au sita zimenasa katika kamba za viatu vyangu, zimevimba, zinang'aa. Nikawaza: watapanda juu watengeneze paa lisilovuja, na kesho kutwa kijana mwingine atokaye katika nyumba yenye sakafu ya udongo atachota ndoo kama nilivyochota mimi. Mzee atakuwa amevunjika mkono bure.

Nikasema, "Paa ni zima. Maji niliyamwaga mimi."

Nilipewa barua ya onyo, na siku zangu tatu za mshahara zikakatwa. Sikusifiwa na mtu. Lakini daftari lilifutwa mstari ule wa paa, na kwa kuwa sababu ya kweli ilikuwa imeandikwa, dawa ya kweli ilipatikana. Ilinunuliwa mashine ya kuvuta vumbi kwa hewa, ufagio na ndoo vikaondolewa mahali pale, na gunia dogo la chumvi likawekwa pembeni kwa ajili ya mabaki yaliyokwisha kulowa. Ukutani pakabandikwa maneno ya Kiswahili chepesi: zilizomwagika zikusanywe zikiwa kavu. Ile karatasi ya maelezo iliyokuja na mifuko, ambayo ilikuwa imelala katika saraka ya ofisi tangu zamani, ilitolewa ikasomwa mbele yetu sote.

Katika karatasi ile nilijifunza kuwa mama hakukosea kuhusu vumbi lenyewe. Chembe kubwa haziingii mapafuni. Lakini zinapopigana na kusagana njiani na mashinani hutoa unga mwembamba sana, na unga ulio chini ya sehemu moja katika mia ya milimita huweza kupita pua na koo ukafika ndani kabisa. Huko nako kuna unyevu, nao hufanya kazi yake ya kunywa. Ndiyo maana watengenezaji wa chembe hizi wameweka kikomo kidogo mno, miligramu 0.05 za unga huo katika kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa zamu ya saa nane. Mahitaji yake ni barakoa, miwani, mashine iliyofunikwa, na mfereji wa hewa unaolivuta vumbi pale pale linapozaliwa. Shabaha ya mama ilikuwa njema. Maji tu ndiyo yaliyokuwa silaha isiyofaa. Nilijifunza pia kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, humtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi juu ya hatari ya kazi yake, na humtaka mfanyakazi naye ajilinde yeye na wenzake, na kutoa habari za hatari aionayo. Sheria hiyo ilikuwapo usiku ule wa ndoo. Sisi ndio tuliokuwa hatujaisoma.

Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba 2012, habari zilitoka Japani kuwa katika mji wa Himeji, penye kiwanda kikubwa cha asidi ya akriliki na chembe hizi, tangi moja la asidi lilipata joto kupita kiasi. Asidi ilianza kujiunganisha yenyewe ndani ya tangi, joto likazaa joto, na tangi likapasuka. Mzimamoto mmoja alikufa, na watu zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Nilizisoma habari hizo mara mbili. Kazi ile ile ya kuunganisha minyororo, ambayo mahali pake na kwa kiasi chake humlaza mtoto akiwa mkavu, nje ya mahali pake ilimwua mtu aliyekuja kuokoa wengine. Msiba wangu wa ndoo ulikuwa mdogo sana mbele ya ule. Lakini mzizi ulikuwa mmoja, nao ni kitu chenye nguvu kuachwa kikutane na kile kinachokiamsha, kabla ya saa yake.

Nilimtembelea Mzee nyumbani kwake mara kadhaa mkono ulipokuwa katika plasta. Mara ya kwanza nilikwenda na hotuba ndefu ya kuomba radhi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kwetu ni wapi, na mama hufagiaje. Nilipomweleza, alicheka mpaka mkono ukamwuma. Akaniambia kuwa yeye alijifunza habari ya chumvi kwa njia ile ile: miaka mingi nyuma, katika kiwanda kingine, naye alimwaga maji. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia sote mapema. Alinyamaza kidogo, akasema kuwa aliona haya. Tangu siku hiyo nimeamini kuwa haya ya watu wema imevunja mikono mingi.

Sasa nakaa Wamagana tena. Mwaka mmoja wa ukame jirani yangu, aliyekuwa anapanda miche ya kahawa, alikuja kuniomba anunue nepi azipasue, atie chembe zake mashimoni zishike maji. Wazo lake halikuwa la kijinga. Huko Marekani, katika miaka ya 1960 na 1970, wataalamu wa maabara ya idara ya kilimo mjini Peoria walitengeneza resini ya namna hii kwa kuunganisha wanga wa mahindi na kemikali, na mojawapo ya matumizi waliyoyafikiria ilikuwa kushika maji udongoni. Nepi zilikuja baadaye, na Japani ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Lakini nilimweleza kuwa chembe za nepi ni za sodiamu, na sodiamu ikizidi huuharibu udongo na kuichoma mizizi. Zile za shamba aghalabu hutengenezwa kwa potasiamu, na hata hizo hupungua nguvu zikikutana na mbolea za chumvichumvi. Nikamshauri afunike mashina kwa nyasi kavu, kama baba zetu walivyofanya. Alinishukuru, ingawa niliona ametaka muujiza nami nimempa nyasi.

Jikoni mwa mama sakafu ni ya saruji siku hizi, lakini bado hunyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, nami simkatazi, maana vumbi la Wamagana ni udongo mwekundu na maji hulilaza. Juzi wingu lilitokea Nyandarua nikiwa kiwandani kwa kahawa. Watoto wa likizo walikuwa wakicheza kando ya vitanda, na mmoja wao akaniuliza kwa nini tuifunike kahawa ambayo jana tu tulikuwa tunaiosha kwa maji tele. Nilikaribia kumjibu haraka kuwa ndivyo ifanywavyo. Nikakumbuka karatasi iliyolala sarakani, na Mzee aliyeona haya, na ndoo yangu. Basi tulipokwisha kufunika, na mvua ikiwa inapiga turubai, niliketi naye nikamweleza yote tangu mwanzo.